Mkwe Wangu Chini ya Jipi

Ninyi vijana wa garaji, kila mkinikuta nimekaa mnaniuliza: Mama Kabange, mwanamke aliingiaje kwenye kazi hii? Namna ya kutoa bushi iliyoshikwa na kutu hamuulizi, kwa sababu mnajifanya mnaijua. Haya. Mwaka huu nimeweka nyundo chini, magoti yamekataa kupanda kutoka shimoni, na mjukuu wangu amenikalisha mezani akasema, "Kambo," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "andika, usikae unasema tu." Basi naandika. Shule yangu iliishia kwa masista: kusoma katekisimu na kushona kifungo. Makosa ya herufi mtayanyoosha ninyi. Mimi nilinyoosha yenu ya boloti miaka yote na sikulalamika sana.

Wakati ule mji huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, jina la wakoloni. Mume wangu, baba yake Marceline, alikuwa amekufa kwa homa, na mimi nilikuwa nauza bukari, yaani ugali, na mboga ya lenga-lenga mbele ya garaji ya Mgiriki mmoja, kwenye njia ya kwenda Luano. Siku moja mtu wao wa kuosha vyuma hakuja. Alikuwa amekimbilia mgodini. Mgiriki akatoka nje, mikono kiunoni, akaangalia sufuria zangu zinavyong'aa.

"Weye mama, weye njo unaoshaka hii masufuria?"

"Njo miye, patron."

"Kuya."

Akanipeleka ndani akanionyesha sanduku la gia limejaa matope na mafuta meusi. "Hii nayo ni sufuria," akasema, akaenda zake. Nilitumia petroli, brashi na matusi ya Kiluba, na kabla jua halijazama sanduku lile lilikuwa safi hata ungeweza kupikia ndani yake. Wateja wangu walikula bukari baridi siku ile. Wale wawili waliokataa kula baridi walikuwa mafundi wa garaji, na kesho yake walipoona nimerudi, siyo na sufuria bali na ovaroli ya marehemu juu ya kikwembe, wakacheka mpaka wakashika kuta. "Mwanamuke atalala chini ya motokari!" Yule aliyecheka zaidi alipita karibu na ndoo yangu ya petroli, na ndoo ikammwagikia miguuni. Ndoo zina tabia hiyo.

Aliyenitoa kwenye kuosha akanitia kwenye kazi yenyewe ni fundi Tshibangu. Alikuwa mtu wa Kasai, wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kubadili oili, na sijui alifanyaje, mafuta yalimkimbia. Hakufundisha kwa mdomo. Alikuwekea chuma mkononi akasema: shika, sikiliza. Ukimletea maneno ya mteja, eti mteja anasema ni breki, eti mteja anasema ni injini, alikuwa anaziba sikio. "Motokari haisemake uongo," alisema. "Mwenye motokari njo anasemaka uongo." Mpaka leo nikisikia gari linapita kwangu Katuba najua nini kinaliuma, na nikimtazama dereva najua atasema nini.

Sasa bushi. Bushi ni kitu kidogo, mtu wa nje hakioni. Ni mabomba mawili mafupi ya chuma, moja ndani ya lingine, na katikati mpira. Inakaa pale ncha za resori, vile vyuma vilivyopinda kama upinde vinavyobeba motokari, zinapofungwa kwenye chasi, na kazi yake ni kumeza. Barabara inapiga, mpira unameza, dereva anadhani yeye ndiye hodari. Mpira ukiisha, chuma kinakutana na chuma, na jipi kwa mbele inaanza kusema: ko, ko, ko, kila shimo la njia. Usukani nao unacheza kama mtu aliyekunywa posho yake yote.

Usiamini sauti peke yake. Ingiza mtaimbo kati ya resori na chasi, sukuma. Ikitikisika kama jino la mzee, imekwisha. Kutoa ndiyo shida. Boloti itakataa, itie mafuta asubuhi, iache ifikiri, igonge mchana, na usiigonge kwa hasira kwa sababu yenyewe haina hasira na itakushinda. Bomba la nje likiwa limeoana na chasi kwa kutu, choma mpira kwanza, moshi wake unanuka hata mbwa wanahama. Kisha ingiza msumeno mwembamba ukate lile bomba kutoka ndani, polepole, ukifika kwenye chasi simama. Mpya inaingia kwa maji ya sabuni. Siyo grisi! Grisi inakula mpira. Nimeona mtu anapaka grisi mwaka jana, na mtu huyo anajijua.

Na mwisho, hii ni katekisimu yenyewe. Boloti usizikaze kabisa motokari ikiwa angani juu ya kriki, yaani jeki. Ishushe, isimame kwa magurudumu yake, ibebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira unafungwa ukiwa umejikunja, na ukiishusha unabaki umejikunja, kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Hautafika mbali, utapasuka.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na shimo. Motokari inasimama juu, ninyi mnaingia chini. Shimo la Mgiriki lilikuwa refu na jembamba, aliyelichimba alikuwa anawaza nyoka. Watu wawili wakiingia wanavuta pumzi moja. Mmoja anashika kichwa cha boloti, mwingine anavuta nati kwa kle, yaani spana, iliyofungiwa bomba refu, uso kwa uso, jasho la huyu linadondokea kwa yule.

Mwenzangu wa shimo alikuwa kijana anaitwa Bonifasi, mtu wa kwetu kaskazini, mwana wa mfanyakazi wa reli. Tulielewana bila kusema. Nikinyoosha mkono, nyundo imeshafika. Tulitaniana, tulikula sahani moja, na mimi nikafikiri Mungu amenipa mtoto wa kiume bila uchungu wa kuzaa. Kumbe kijana alikuwa na hesabu nyingine. Marceline wangu alikuwa anakuja garajini kuniletea chakula, na kila akija Bonifasi alikuwa na kiu. Siku moja mjomba wake akafika Katuba na wazee wawili, wakaleta posa. Marceline aliulizwa kama anakubali, akaficha uso kwa kikwembe, lakini meno yote yalionekana kupitia kitambaa.

Nilifurahi mpaka nikakumbuka buko.

Wengi wenu mmezaliwa mjini, nitawaeleza. Kwetu kijana akishapokelewa posa, mama mkwe kwake ni moto. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani, anaingia majanini mpaka apite. Na mama vilevile. Siyo chuki, ni heshima, na ni heshima kubwa kweli. Tatizo lake ni moja tu, haikutengenezwa kwa watu wanaofanya kazi katika shimo moja. Haya hiyo inaondolewa baadaye kwa zawadi, tunasema kutosha haya, na kwa kawaida wanangoja mtoto wa kwanza azaliwe.

Aliyesimama mahali pa wazazi wetu ni dada yangu mkubwa, Ngoie. Dada Ngoie hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

"Kabange, sikia. Nikikukuta mu shimo moja na ule kijana, posa narudisha. Marceline ataolewa na mwingine, ao atakaa."

"Na kazi yangu, dada?"

"Bukari iliisha ku soko? Kauze."

"Dada, miye ni fundi."

"Weye ni mama-mukwe. Ufundi unakuya nyuma."

Basi ndiyo hivyo. Nilitaka vitu viwili: mtoto wangu aolewe na mtu aliyempenda, na mimi nibaki chini ya motokari. Kila mtu aliniambia chagua. Sijapenda neno hilo tangu utoto.

Tukajaribu kuishi. Bonifasi akiniona natokea mlangoni na ndoo, anakimbia. Siku ya kwanza alirukia shimoni, na shimoni kulikuwa na beseni la oili ya zamani. Alitoka humo mweusi mara mbili, uso ameugeuzia ukuta kwa heshima, oili inamtiririka masikioni. Fundi Tshibangu alicheka mpaka suruali yake ikapata mkunjo.

Patron, yaani Mgiriki wetu, naye alitupanga mbali, huyu kwenye lori, yule kwenye taksi, na mambo yakaenda, mpaka siku ilipoingia jipi ya mpimaji wa ardhi. Alikuwa Mzungu mwembamba, kazi yake kupima porini, na kesho yake alikuwa na safari ya Sakania na vyombo vyake vya vioo. Jipi iliingia garajini inasema ko, ko, ko. Mtaimbo ulipoingia, resori zilicheza kushoto na kulia. Bushi zote za mbele zimekwisha. Kazi ya watu wawili wanaojua. Fundi Tshibangu mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, maji ya radieta yalikuwa yamemchoma. Wale mafundi wawili wa kucheka walikuwa Kipushi na lori lililokufa njiani. Nani amebaki? Mimi na mkwe wangu.

Na kule mlangoni, kwenye kigoda, dada Ngoie. Tangu siku ya posa alikuwa anakuja kila mchana na kikapu cha karanga, eti kuuza. Hakuuza hata moja. Alikuwa analinda.

Fundi akapata njia. Akaipandisha jipi juu ya kriki, akaning'iniza gunia tupu la mahindi kama pazia katikati, chini ya injini. Mimi upande wa kushoto, Bonifasi upande wa kulia, hakuna anayemwona mwenzake. Dada Ngoie akaja akainama, akalivuta gunia, akaona halina tundu, akarudi kwenye kigoda. Lakini kusema? Kazi ile haifanyiki kimya. Basi tukaanza kuzungumza na jipi.

"Weye jipi," nikasema, "uambie ule wa upande ya kule ashike mutaimbo."

"Jipi," sauti ikajibu, "uambie mama wa upande ya kule mutaimbo nimeshika tangu mbele, ni yeye njo anachelewa."

"Jipi, hiyo njo heshima?"

"Jipi, omba musamaha."

"Jipi imesamehewa," akasema fundi Tshibangu kutoka juu, "lakini yenyewe bado inasema ko, ko. Mupige kazi."

Tukapiga. Tulichoma mipira, moshi ukatutoa machozi sote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Tukakata mabomba, tukaingiza mapya kwa maji ya sabuni, kazi safi, nawaambieni, hata bila kuonana. Nikaweka boloti zangu, nikazikaza kwa mkono tu, zikingoja shimo. Kisha nikatoka kwenda kunawa, kwa sababu nilijua mtu mmoja lazima aingie shimoni na sikujua nani, na sikutaka kufikiri bila maji usoni.

Bonifasi naye alilifikiria shimo lile. Akaona tukiishusha jipi, tutaitwa tuingie wote wawili. Akaona aibu yangu, akamwona dada Ngoie na karanga zake, akamwona Marceline. Basi kabla sijarudi akakaza boloti zote, zake na zangu, kwa nguvu zake zote, jipi ikiwa bado inaning'inia. Alijua katekisimu kama ninavyoijua mimi. Alifanya kwa heshima.

Mgiriki akaishusha, akaenda kuijaribu hadi karibu na Luano akarudi. Haikusema ko tena. Lakini aliposhuka hakufurahi. Jipi ilikuwa imesimama pua juu, kama mbuzi aliyesikia harufu ya moshi. Patron alikuwa fundi kabla ya kuwa na tumbo, hakuhitaji kuambiwa.

"Nani alikaza mu hewa?"

Bonifasi akainua mkono, mgongo ameugeuzia upande wangu. "Miye, patron."

"Juu ya nini? Uko mutoto?"

"Juu ya buko, patron."

"Buko njo nini?"

Fundi Tshibangu akamweleza. Mgiriki akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Miye nako niko na mama-mukwe, ng'ambo ya bahari," akasema. "Kama wangenipatia shimo ya kumukimbia, ningechimba na mikono. Lakini hii jipi kesho iko na safari. Mpira ikipasuka mu pori, ule muzungu atalala na fisi. Mulegeze boloti, muingie bawili mu shimo, mukaze. Mukishindwa, nabakisha mumoja."

Hakusema nani. Mimi nilijua mwanamke ndiye angetoka.

Dada Ngoie akasimama mlangoni, karanga zikamwagika. "Akiingia, posa inarudi leo!"

Nilisimama katikati, huku shimo, huku dada. Bonifasi alitutazama, namaanisha alimtazama dada Ngoie na patron, mimi hapana. Kisha akakimbia. Akatoka nje ya lango mbio. Patron akasema, "Bon, amechagua."

Akarudi anahema, na kuku mikononi. Alikuwa amemnunua kwa mke wa mlinzi, kuku mwekundu, anapiga kelele kama honi. Akapiga magoti mbele ya dada yangu.

"Mama mukubwa, niko natosha haya."

"Leo?" dada Ngoie akasema. "Harusi yenyewe bado! Mutoto iko wapi?"

"Mama mukubwa, jipi haitangojea mutoto."

Hata patron alicheka. Dada Ngoie hakucheka. Alimshika kuku, akampapasa kifua, akamfunga miguu kwenye jiliwa la chuma juu ya meza ya kazi.

"Kuku niko naona. Na jembe iko wapi? Mama-mukwe anapewaka chuma. Kuku utakula, jioni iko mifupa. Chuma inabakia."

Garajini hakukuwa na jembe. Bonifasi akabaki pale chini, akafikiri. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli akatoa kle. Mjue kitu kimoja: wakati ule vyombo vyote vilikuwa vya patron, jioni unavirudisha kabatini. Ile kle ilikuwa yake mwenyewe, alipewa na baba yake wa reli, na hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuigusa, hata fundi Tshibangu. Aliifuta kwa shati lake, akaiweka chini kwa mikono miwili.

"Hii si jembe," akasema dada Ngoie.

"Mama Ngoie," fundi Tshibangu akasema, "jembe njo nini? Chuma ya kutafutia chakula. Ndugu yako analimaka wapi? Shamba yake njo ile shimo."

"Weye Mukasai, njo utatufundisha buko yetu?"

"Hata, mama. Miye nafundishaka boloti tu. Lakini chuma najua."

Dada Ngoie akaiokota ile kle. Akaipima kwa mkono, akaigeuza, akaigonga kwenye jiliwa, akaiweka karibu na sikio kusikiliza inavyolia, vilevile kama mama yetu alivyokuwa anajaribu jembe sokoni. Kuku akanyamaza. Patron akaangalia saa, akafungua mdomo, fundi Tshibangu akamgusa kiwiko, akaufunga.

"Iko chuma ya kweli," dada akasema. "Kabange! Pokea. Mikono miwili."

Nikapokea. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Kisha dada akachota karanga zilizobaki kikapuni, akatia nyingine mkononi mwangu, nyingine mkononi mwa Bonifasi, akasema, "Kuleni pamoja, muangaliane." Tukatafuna. Nikainua macho, naye akainua, na pua yake yote ilikuwa nyeusi kwa moshi wa mpira. Nilicheka mpaka karanga zikanipalia.

"Harusi iko palepale," dada akamwambia Marceline, ambaye sasa hivi tu alikuwa anaingia langoni na sahani ya chakula, hajui hata kilichotokea. "Na uongeze bukari. Bwana yako atakula na mama yako."

Tukashuka shimoni. Jipi juu yetu, pua angani. Tulilegeza boloti moja baada ya moja, na kila moja ilipolegea mpira ulijikunjua, na jipi ikashuka kidogo, mpaka ikakaa sawa kwa uzito wake. Hapo ndipo pa kukaza. Nikashika kichwa cha boloti ya kwanza. Bonifasi akanyoosha mkono kwangu bila kutazama, kama zamani.

"Mama, kle."

"Kle ya nani?"

Huko juu nilisikia fundi Tshibangu anakohoa.

"Ya yenu, mama," akasema, kwa wingi wa heshima.

"Omba muzuri."

"Mama Kabange, tafazali, muniazime kle yenu."

Nikamwazima. Lakini kwa boloti ile tu.